Kiu ya Shangazi

Wingu lilipita juu ya kichwa changu bila kunigusa. Nilikuwa nimejifunga kamba kwenye tawi la mwisho la Shangazi, huko ambako hata kunguru hawajisumbui kufika. Nikanyoosha mkono kama mtoto anayetaka biskuti iliyo rafu ya juu dukani. Vidole vikarudi vikavu. Wingu likaenda zake upande wa Kenya, na maji yetu tumboni mwake.

"Umelipata?" Mzee Kajiru akaniuliza kwenye redio, kutoka chini.

"Nimepata upepo, Mzee."

"Upepo haupiki makande, binti Senzighe. Angalia vizuri."

Niangalie vizuri nini? Majani ya kileleni yalikuwa yamejikunja, rangi yake kama ugoro. Nikatoa kidude changu cha kusikilizia, nikakibandika kwenye gome, nikavaa hedifoni. Tik. Tik-tik. Tik. Kwa mtu asiyejua, ni kama bisi zinazoanza kupasuka kwenye sufuria. Mimi nilijua, na moyo ukanishuka.

Naitwa Nakijwa, na kazi yangu ni udaktari wa mti mmoja tu. Usicheke. Mti wenyewe ni mkulo, ila si mkulo wa msituni, huyu alitengenezwa maabara. Joto lilipopanda, mawingu yaliyokuwa yakilala juu ya milima yetu ya Upare nayo yalipanda. Yakaacha paa za nyumba zetu, kisha yakaacha vilele, na chemchemi zikafa moja baada ya nyingine. Basi watu wa mradi wakatuletea hapa Iroghe mche usiojua kutosheka. Kila mti duniani hufika mahali ukasema hapa pananitosha, huyu walimwondolea tabia hiyo. Kazi yake ilikuwa kulifuata wingu huko huko juu, alichane kwa majani yake membamba kama chanuo, matone yateremke kwenye shina, yaingie kwenye mifereji ya bati hadi ndivani. Ndiva ni bwawa letu la kugawana maji kwa zamu, na Mzee Kajiru ndiye mwenyekiti wake.

Tulimwita Shangazi kwa sababu, kama mashangazi wote, haji mikono mitupu, na ukimuudhi ukoo mzima utajua. Mimi na yeye tulikua pamoja, alinipita urefu kabla sijang'oa jino la kwanza. Sasa alikuwa ameupita kila mti uliowahi kusimama juu ya ardhi hii, na bado wingu lilikuwa juu yake.

*

Mkutano ulifanyika kwenye ukuta wa ndiva, maana ndani ya bwawa lenyewe matope yalikuwa yameshapasuka. Mradi ulimtuma Dokta Rweyongeza, Mhaya mpole anayevaa viatu vya kung'aa hata mlimani, pamoja na sanduku la barafu. Ndani ya sanduku mlikuwa na kichocheo. Unauchoma mti sindano shinani, nao unapanda mita kumi kwa msimu.

"Mita kumi zinatufikisha kwenye wingu?" Kajiru aliuliza.

"Zinawafikisha."

Watu walipiga makofi, wengine wakaanza kupanga maharage watayapanda wapi. Nikasimama. Sisi Wapare tunasifika kwa kesi, watani wetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, kwa hiyo nilijua sitaachwa nimalize sentensi bila kukatwa.

"Atalifikia wingu," nikasema, "kisha atakufa."

"Afe kwa nini? Miaka yote hii si anapanda tu?"

"Mzee, siafu akianguka kutoka kileleni kwa Shangazi anajikung'uta anaendelea na safari yake. Ng'ombe akianguka kwenye mtaro tu, tunatafuta kisu. Mwili ukikua mara mbili kwenda juu, mara mbili kwa upana na mara mbili kwa unene, uzito wake haukui mara mbili, unakua mara nane. Na mguu unaoubeba umenenepa mara nne tu. Hakuna kiumbe aliyewahi kuikwepa hesabu hiyo, awe na damu au awe na utomvu."

"Shina lake mbona nene!"

"Shina si kitu. Tatizo ni maji. Mti hauna moyo wa kusukuma maji juu, wala pampu. Majani ndiyo yanayoyavuta, tone limemshika mwenzake, mwenzake kamshika mwingine, kamba moja ya maji toka mzizini hadi kileleni. Kamba ikizidi urefu inakazwa mno, inakatika. Inapokatika hewa inaingia, na mrija ule ndiyo basi tena. Huo mkatiko una sauti. Mimi nimetoka kuusikia."

Nikawaonyesha vile vijani vidogo vinavyoota juu ya mawe ya ukuta, ambavyo siku za ukungu hulainika kama zulia. Havina mrija hata mmoja. Mwili mdogo unalowa tu, umeshiba. Niliwaambia kwamba hapo zamani mimea yote ilikuwa hivyo, iko chini, kila mmoja na jua lake. Kisha mmoja akamzibia jirani jua, jirani akainuka, na yule wa kwanza akainuka zaidi, ikawa ndiyo mbio za kujenga mbao na mirija hadi leo. Wangekubaliana kubaki wafupi wangelipata jua lilelile bila kuhangaika.

"Kumbe nayo ina kesi!" mtu akasema nyuma, wakacheka. Nami nilicheka, Mungu anisamehe, nikijua kinachofuata.

Kwa sababu Dokta Rweyongeza hakuwa mjinga. Alikuwa amekichukua kijiti cha mbao nilichokuwa nimekitoboa shinani kwa keekee ili kumpima Shangazi, amekiweka chini ya kioo cha kukuzia, na amekaa nacho muda mrefu.

"Haya unayosema tuliyajua tangu mwanzo," alisema taratibu. "Ndiyo maana tulimtengeneza awe na mirija myembamba sana. Mrija mwembamba unapitisha maji kidogo, lakini haukatiki ovyo. Hii ninayoiona hapa ni mipana, kama ya mti wa mtoni. Mti hufungua mirija namna hii ukilelewa kwenye maji mengi. Nani alikuwa anamnywesha?"

Kicheko kikaisha. Macho yote yakaenda kwa baba yangu, aliyekaa mwisho wa ukuta na pembe yake mapajani.

Baba yangu, Mzee Senzighe, ndiye mpiga pembe wa Iroghe. Kwetu kazi ya wote inaitwa msaragambo. Pembe ikilia kwa vipande, kila nyumba inatoa mtu na jembe twende tukazibue mfereji. Lakini kuna mlio mmoja mrefu usiokatwa ambao baba aliubuni mwenyewe mwaka alipopandwa Shangazi, na maana yake ni moja: kabla hujagusa shughuli yako, mpelekee Shangazi ndoo moja. Watu wa mradi walikataza. Walisema mkishaona umeshika, uacheni ujitafutie. Baba akawajibu kwamba mtoto akilia hunyonyeshwa, haulizwi kama ameshika. Basi kila msaragambo, miaka yote ya utoto wangu, kijiji kizima kilipanga mstari na ndoo kichwani. Tulikuwa tunaimba. Hakuna kitu kizuri zaidi nilichowahi kufanya na watu wa kwetu.

Na hicho ndicho kilichomharibu. Nilikuwa nimeshalijua jambo hilo, nikalibeba kifuani nikishindwa kumwambia baba. Sasa amelisikia mbele za watu, kutoka kwa mgeni mwenye viatu vya kung'aa.

"Kwa hiyo njia ni ipi?" Kajiru aliuliza, sauti imepungua.

"Tumchome sindano, tupate maji msimu mmoja, labda miwili, kisha akauke kabisa," nikasema. "Au tumkate theluthi ya juu, kamba zake za maji zifupike. Halafu tumwache na kiu. Asipewe hata kikombe. Mbao mpya atakayoivaa kwa kiu itakuwa na mirija myembamba, na juu ya mbao hiyo anaweza kupanda tena polepole mpaka alifikie wingu. Miaka kumi, labda zaidi."

"Na sisi tutakunywa nini hiyo miaka kumi?"

"Boza kutoka tambarare. Kila mtu dumu lake kwa wiki, na kile kidogo cha ukungu wa Julai."

Mama Nanzia, jirani yangu, akasimama na mtoto mgongoni. Hakupaza sauti. "Nakijwa, huyu ananyonya leo. Hanyonyi miaka kumi ijayo. Niambie nimpe nini leo."

Ukimpa maji aliye hai leo, unawanyima walio tumboni na watakaokuja. Ukiwawekea hao, unamwambia mama mwenye maziwa yanayokauka asubiri. Yeyote atakayekuambia ana jibu lisilouma, mtazame vizuri, huyo hana kiu.

Baba akainuka. Kila mtu alitegemea amtetee Shangazi, na nadhani wengi walitaka hivyo, wapate sababu ya kuchagua sindano. Alishika pembe kwa mikono miwili.

"Nimemlea vibaya," alisema. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kateni."

Akapiga pembe kwa vipande, ule mlio wa jembe na mfereji. Watu wakainuka kwenda kutafuta misumeno na kamba. Mama Nanzia alihamia tambarare wiki ileile, na hakuniaga.

*

Tulikata kwa siku kadhaa, tukishusha kipande kimoja kimoja kwa kamba. Watu walikuwa wakichukua vitawi vikavu wanaenda navyo nyumbani, wakisema ni kuni. Sikuona mtu aliyevichoma.

Baba hakuja kuangalia. Alikuja ilipokwisha, akamtazama Shangazi aliyebaki bila kichwa, akaniambia, "Hebu nipe hicho kidude chako. Na mimi nimsikie."

Ningekataa. Jamani, laiti ningekataa tu! Lakini nilifikiri akisikia ataelewa. Nikambandikia kidude kwenye gome, nikamvika hedifoni, nikazishika zisianguke masikioni mwake. Tik. Tik. Nikamweleza kwamba mti wenye kiu lazima utoe sauti hiyo, mirija mipana ya zamani inakatika, inajenga myembamba. Nikamwambia sauti hiyo sasa ndiyo habari njema, tukiisikia tujue anajifunza.

Alisikiliza kwa makini sana. "Analia," alisema.

"Hapana, Baba. Ni hewa."

"Mtoto akilia naye ni hewa, mama." Akanirudishia hedifoni kwa adabu, kama mtu anayerudisha kikombe alichokopa kwa jirani.

*

Kiangazi kikashika. Boza lilikuwa likipanda mlima kila wiki likipumua, watu wanapanga madumu, hakuna anayeimba. Nyumba zikaanza kufungwa. Waliobaki waliacha kuosha vyombo kwa maji, wakawa wanasugua kwa majivu, na mbuzi wakauzwa wote. Sikumsikia mtu akilalamika mbele yangu, ila nilipopita mazungumzo yalikuwa yanakatika. Kilichowashikilia ni kimoja tu: kwamba mateso yale yalikuwa yanaingia kwenye mti, yanageuka mbao ya kupandia.

Mimi nilikuwa nasikiliza kila asubuhi. Tik, tik, vizuri kabisa. Kisha siku moja upande wa kusini wa shina ukanyamaza.

Nilifikiri kidude kimeharibika. Nikakihamisha, nikabadilisha betri. Kimya. Nikachukua keekee, nikatoa kijiti kipya, nikakitazama kwenye kioo. Mirija myembamba, myembamba, myembamba, safi kama tulivyotaka. Halafu pale nje kabisa, chini ya gome, mipana. Mtu alikuwa anammwagilia.

Nikapiga magoti, nikafukua majani makavu kwenye mizizi ya kusini. Udongo ulikuwa mweusi, umelowa. Hasira iliyonipanda, loo, nilikuwa tayari kumburuta mtu hadi ndivani. Katika kijiji ambacho watoto wanalamba umande kwenye mabati, kuna mtu ana maji ya kuchezea! Na sheria ya ndiva haina masihara, mwizi wa maji hutengwa, hatakunywa pombe na mtu wala kuzikwa na watu.

Nikarudi nyumbani kumwambia baba. Nikamkuta amekaa kwenye kigoda, ananyanyuka, anashika ukuta, anakaa tena. Midomo yake ilikuwa imechanika. Kwa wiki nzima nilikuwa nikimwona anayumba nikadhani ni uzee. Dumu lake lilikuwa pembeni mwa mlango. Nililinyanyua, likaja jepesi, na boza lilikuwa limepita juzi tu.

"Baba," nilisema. "Maji yako yako wapi?"

Hakunidanganya. Baba yangu hajui kudanganya, hilo ni langu mimi. "Ni fungu langu," alisema. "Sijaiba. Mgao ni wangu, naweza kumpa nimtakaye."

"Unajiua!"

"Mimi nimeshakunywa maji mengi duniani. Yeye bado mdogo."

Nilimpigia kelele. Nilimwambia watu wamehama kwa ajili ya mbao hiyo, Mama Nanzia amehama, na kila kikombe anachomwaga kinaingiza mirija mipana, safu dhaifu ambayo siku moja Shangazi akipanda itakatikia hapo. Nikamwambia anawafanya wote wateseke bure. Alisikiliza hadi mwisho akitikisa kichwa, anakubali kila neno.

"Ni kweli," alisema. "Lakini nikilala namsikia."

Nilipomleta mganga wa zahanati alimpima, akanivuta nje. Akanieleza kwamba figo za mzee zinachoka, asipokunywa maji siku chache zijazo hatutakuwa na mzee. Akaniuliza kwa nini hanywi. Nikasema ni ukaidi.

Basi nikakaa na mambo mawili mkononi. Nikimshtaki kwa Kajiru, atakatazwa kusogea kwenye mti mbele ya kijiji kizima, yule aliyekiita kijiji kwa pembe maisha yake yote, na najua aibu hiyo ingemmaliza kabla ya figo. Nikinyamaza, mti unaharibika na yeye anakufa, vyote viwili. Ndipo nikatafuta njia ya tatu, na ilikuwa ya mkato.

Kesho yake alasiri nilimshika mkono tukaenda kwa Shangazi. Nilibandika kidude kwenye gome. Lakini waya wa hedifoni sikuuchomeka, niliuficha ndani ya kiganja changu.

"Sikiliza," nikasema. "Amenyamaza. Amezoea. Halii tena, Baba. Sasa unaweza kunywa maji yako."

Alifumba macho. Alisikiliza kimya kile kwa muda mrefu kuliko siku ile ya kwanza, mkono wake umelalia gome. Kisha akavua hedifoni mwenyewe.

"Haya," alisema. "Asante, mama."

Nilimrudisha nyumbani, nikammiminia mgao wangu wa wiki kwenye ndoo, nikamwekea kikombe, nikatoka nikijipongeza.

*

Asubuhi, ukungu mwembamba ukiwa bado bondeni, nikasikia pembe.

Ulikuwa mlio mrefu usiokatwa. Mlio wa ndoo. Hatukuwa tumeusikia tangu kabla ya mkutano. Nilitoka bila viatu, mkoba wa kidude begani, na nilipofika njia panda nikawaona wanatoka, kila nyumba iliyobaki, wanaume kwa wanawake, na madumu yao. Sikumwona hata mmoja aliyesita. Wengine walikuwa wanalia wanatembea haraka, na mwanamke mmoja alikuwa ameanza kuimba ule wimbo wetu wa mstari. Ndipo nikaelewa kwamba wote walikuwa wanaungojea mlio huo, kila mmoja kwake, kila siku.

Nilikimbia nikawapita. Baba alikuwa amekaa kwenye mzizi mkubwa wa kusini, pembe mkononi, anahema. Kando yake kulikuwa na ile ndoo yenye mgao wangu, na kikombe kinaelea ndani. Maji niliyomwekea jana hakuyanywa.

"Baba, umefanya nini?"

"Nimewaita waje wamuage," alisema. "Hukuweza kuniambia, najua. Ulinipa nisikilize mwenyewe. Nikasikiliza, nikakuta kimya." Akanitazama bila hasira hata kidogo. "Amekufa lini, Nakijwa?"

Ole wangu. Watu walikuwa wameshatuzunguka, madumu yamefunguliwa vifuniko, Mzee Kajiru akiwa mbele na ndoo yake kama kila mtu. Niliona maji ya Iroghe yote, mgao wa watu wote, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye mizizi ile.

"Msimwage!" nilipiga kelele. "Hajafa! Ngojeni, msimwage!"

Nilimnyang'anya Kajiru spika yake ya mikutano, ile anayoitundika begani. Nikabandika kidude kwenye gome, upande wa kaskazini usiomwagiliwa, nikatafuta tundu la waya kwenye spika. Hatimaye ukaingia.

Tik.

Tik-tik. Tik. Ilitoka kubwa, ikajaa chini ya mti na kurudi kutoka ng'ambo ya bonde. Watu waliganda na madumu yao. Hawakuwa wamewahi kuisikia, mimi nilikuwa nimewaeleza tu. Yule mwanamke aliacha kuimba.

"Ndiyo yeye?" Kajiru alinong'ona.

"Ndiye. Ana kiu kama ninyi. Anajenga."

Baba alikuwa ameinua uso kuielekea spika. Nilimwona anaelewa, hatua kwa hatua, kwanza kwamba mti uko hai, kisha kuhusu jana.

"Ulinidanganya," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Kumbe alikuwa analia muda wote."

"Ndiyo."

"Na sasa tukimpa?"

"Atanyamaza leo," nikasema. Nilisema kwa sauti ili wote wasikie, ingawa nilikuwa namtazama yeye tu. "Atanyamaza, mtalala vizuri. Akipanda tena atakatika, na hatakuwepo mtu hapa wa kumsikia."

Shangazi aliendelea, tik, tik. Kijana mmoja alishindwa kuvumilia akaziba masikio, mama yake akamshusha mikono. Nilijua siwezi kuwazuia, walikuwa wengi na mimi ni mmoja, na dumu kuinama ni kitendo kidogo sana.

Baba alivuta ndoo yake karibu. Akakichukua kile kikombe, akakijaza, akakishikilia juu ya mzizi. Matone mawili matatu yakaanguka kwenye gome. Nilitaka kumshika, nikajizuia.

Akakirudisha kinywani, akanywa. Alikunywa akilia, macho yake hayatoki kwenye spika, na koo lake lilikuwa likipanda na kushuka kwa shida kama mtu anayemeza dawa chungu. Kikombe kilipokwisha akachota cha pili, akanywa na hicho.

Mzee Kajiru akafunga ndoo yake. Kisha nikasikia vifuniko vya madumu vikifungwa, kimoja baada ya kingine, nyuma yangu. Nilinyoosha mkono nizime spika.

"Iache," baba alisema. "Watu wasikie wanachokunywa."